Waalaykum salaam, sema shida yako

Kutoa salamu ni sunna, kuitika ni faradhi. Hilo sote tulisomeshwa chuoni, kile chuo cha juzuu na mkeka, si hiki chuo kikuu ninachosomesha mie. Vijana wangu wanalijua, na hapo ndipo wanaponinasa.

Saa sita na nusu usiku, chandarua nshakichomekea, simu inalia. "Asalaam alaykum." Basi, hakuna la pili. Sasa ninyamaze nibebe dhambi kwa ajili ya mtoto wa watu? Naitika. Dakika kumi. "Shikamoo Dokta." Marahaba. (Udokta wenyewe nnauhangaikia mwaka wa sita huu, lakini mtu akitaka maksi hukupa cheo chochote.) "Samahani Dokta." Bila samahani. "Nina shida kidogo." Sema! Namuona anaandika... anaandika... kapotea. Bando limekwisha. Shida naja kuijua alfajiri: "Ati testi kesho au keshokutwa?" Na tarehe nimeiandika ubaoni, nimeibandika mlangoni, na kwenye grupu la WhatsApp nimeituma mara tatu.

Grupuni ingekuwa nafuu. Tumo watu 214, mmoja akiitika salamu kawatosheleza wote. Thubutu! Wanaitika mmoja mmoja. Tangazo langu la kuhama ukumbi likazikwa chini ya waalaykum salaam, asubuhi nikasomesha viti.

Nikashauriwa nizime tiki za bluu. Nikazima. Kumbe zinazimika mkiwa wawili tu, grupuni hazizimiki, na voisi ukiifungua wanaona vilevile. Nikamwambia CR, kiongozi wa darasa, ujumbe wake wa grupuni sikuuona. Akanitumia picha ya skrini: jina langu, na saa niliyousoma, saa saba na dakika arubaini na mbili mchana. Saa hiyo nilikuwa Darajani, bakuli la urojo mkononi, badia mdomoni.

Kazi nilitaka ichapwe. Nikaletewa picha 11 za daftari juu ya jamvi, ya tano imelala ubavu, na pembeni dole gumba la mguu lenye hina. Hina nzuri, sikatai. Mwengine yuko kwao Wete, anasema mtandao anaupata juu ya mwembe tu. Voisi yake ya dakika nne nikaisikiliza mpaka mwisho: upepo, na kwa mbali mama yake anamwita ashuke.

Juzijuzi na mie nikamwandikia mkubwa wangu wa kazi, kuhusu posho ya kusimamia mitihani. Aya tatu, adabu tele. Tiki mbili za bluu (nshaziwasha tena). Siku ya tisa leo.

Jana saa saba kasorobo usiku nikampelekea: "Asalaam alaykum." Sikuongeza neno. Nikazima taa, simu nikaiweka kifuani.

Alhaji yule. Ataitika tu.