Rido nayo ni mlango

Nyumba yetu hapa Majengo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, ni ya mbao. Ina vyumba viwili na sebule, na tunalala humo watu tisa. Kati ya sebule na chumba changu hakuna mlango, kuna rido ya kitenge cha kijani ambayo mikono ya watoto imeipausha upande mmoja. Jirani akikohoa usiku, naweza kumpa pole bila kupaza sauti. Kwa hiyo miaka mingi, kila niliposoma Mathayo 6:6, pale Bwana anaposema "ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako," nilijiambia moyoni kwamba andiko hili ni la watu wenye nyumba. Sisi wa Goma tumepewa mkesha.

Na mkesha naupenda. Nimekuwa katika kikundi cha waombezi miaka kumi na mmoja. Ijumaa usiku jenereta inawashwa, kinanda kinaanza, mtu anashika mikro, na hadi saa kumi alfajiri sauti zimekauka lakini nyuso zinang'aa. Nimeona wajane wakiingia pale wameinama na kutoka wamenyooka. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nataka tufunge milango ya kanisa.

Ikaja Januari 2025, vita vikaingia mjini. Jumapili ya tarehe 26 hatukuthubutu kutoka nyumbani. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mji ukawa unapigwa kila upande. Usiku tulilala sakafuni, magodoro tumeyaegemeza ukutani, kana kwamba sponji inazuia risasi. Watoto waliposhikwa na usingizi nikasema sasa niombe. Nikaanza kwa mnong'ono, maana sikutaka aliye nje ajue kuna watu ndani. Yakatoka maneno yale yale ya Ijumaa: tunavunja, tunafunga, tunaamuru, tunakomboa mji. Yalitoka yote kwa dakika kama tano, kisha yakaisha, na usiku ulikuwa bado mrefu.

Nilibaki na mambo mawili tu ambayo sikuwa nimewahi kumwambia Mungu. La kwanza, kwamba naogopa. La pili, kwamba nimemkasirikia. Mwombezi wa miaka kumi na mmoja, na sikujua maneno hayo yanaanzia wapi, kwa sababu mbele ya watu hayasemwi, na mbele za Mungu peke yangu sikuwa nimekaa siku nyingi sana.

Tangu siku ile nimekuwa na neno hili kifuani, na ndilo ninaloandika leo. Maombi ya pamoja hutufundisha mengi, lakini kusema ukweli wote hayatufundishi. Hayawezi. Hata ukiwa na moyo safi kabisa, sikio la mwenzako linauvuta ulimi wako. Unachagua neno ambalo wengine wataliitikia "Amina". Unaruka lile ambalo litaleta kimya. Bwana aliposema juu ya wale wapendao kusali wamesimama katika masinagogi na katika pembe za njia ili waonekane na watu, aliwaita wanafiki, na mimi siwaiti wenzangu hivyo. Lakini najua ile raha ndogo ya kusikia jumba zima linaitikia sala yako. Nimeionja. Kwa maneno yake Yesu, hiyo nayo ni thawabu, tena imekwisha kulipwa.

Baadaye mzee mmoja wa kanisa aliyesoma teolojia alinieleza jambo lililonifunga mdomo. Neno ambalo Biblia yetu inaliita "chumba cha ndani", kwa Kigiriki ni tameion. Maana yake ya kwanza ni ghala, stoo ya kuwekea chakula. Ndilo neno lile lile la Luka 12:24, kunguru "hawana ghala wala uchaga". Wale waliokuwa wakimsikiliza Yesu Galilaya, wakulima na wavuvi, hawakuwa na vyumba vya kulala vya mtu mmoja mmoja. Jamaa nzima ililala pamoja. Kama palikuwa na kijichumba chenye mlango, kilikuwa kile cha nafaka na mafuta. Basi Yesu hakuwa akisema na wenye nyumba za ghorofa. Alikuwa akisema na watu kama sisi, na akawaambia: nenda pale kwenye magunia, ufunge, uombe.

Magunia ninayo. Nyuma ya nyumba kuna jiko letu, mabati manne yameshikwa na miti, chini ni mawe ya lava ambayo hata ukiyafagia vipi yanakwaruza magoti. Mna gunia la makaa, bido (madumu ya maji) za njano sita, na kigoda cha marehemu mama mkwe. Saa kumi na moja, kabla ya mtu yeyote kuamka kwenda kuchota maji, naingia humo na kurudishia bati. Nakaa juu ya kigoda, mgongo kwenye gunia, na linatoa vumbi jeusi ambalo baadaye naliona kwenye kitenge. Siku nyingine nina maneno. Siku nyingine nahesabu tu majina ya watoto, polepole, mmoja baada ya mwingine, na ninapofika kwa yule aliyeko mbali nakaa hapo. Sauti haitoki. Mama yake Samweli, Hana, alipoomba pale hekaluni, midomo yake tu ilionekana kama inacheza, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Andiko hilo nililihubiri mara tatu kwenye mikutano ya akina mama, tena kwa kelele, bila kuona kwamba sala iliyomleta Samweli haikusikiwa na mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine, na hii inaniuma kuisema. Kati yetu, mada za maombi hugeuka habari. Dada mmoja aliwahi kufungua moyo wake katika kikundi fulani juu ya mambo ya ndoa yake. Kabla ya juma kwisha, wauzaji wa mboga barabarani walikuwa wanayajua. Hakurudi tena. Aliyeyatoa sidhani alikusudia ubaya, alidhani anamtafutia waombaji zaidi. Lakini yule dada alihitaji kwanza mahali ambapo neno likisemwa linabaki, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba mahali hapo anapo, bure, hata akiwa na rido tu.

Badala yake tumefundishana neno moja: "Mtumishi, niombee." Tunalisema kwa simu, tunalisema mlangoni, tunalisema tukiwa na elfu mbili za faranga mkononi. Kuombewa ni kwema, Yakobo anatuagiza kuombeana. Ila nimekutana na watu, tena waliobatizwa zamani, ambao hawajawahi kumweleza Mungu shida yao kwa kinywa chao wenyewe. Wanamtuma mtu kila mara, na mtu huyo, akiwa si mwaminifu, anajua thamani ya kutumwa. Manabii wengi wa mji huu wasingepata wateja kama kila mmoja wetu angekuwa na gunia lake la kuegemea.

Mchungaji wangu, ninayemheshimu kama baba, nilipomweleza haya alinijibu kwa methali: kaa likitolewa jikoni huzima. Ni kweli, na Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja. Lakini nilimwambia, "Papa Pasta, mimi ndiye ninayewasha moto kila asubuhi. Huwezi kumwaga gunia zima jikoni ukasubiri. Unashika makaa mawili kwanza, unayapepea pole pole hadi yakolee, ndipo unaongeza." Alicheka, akasema tutaongea tena. Hatujaongea tena bado.

Na wapo waliokaa bila jiko lolote. Ndugu zetu Wakatoliki wanamkumbuka Isidore Bakanja, kijana wa mkoa wa Ekwateri hapa Kongo aliyefanya kazi kwenye shamba la wazungu mbali na misheni, mahali pasipo na padri. Alichapwa vibaya kwa sababu alikataa kuvua skapulari yake, kile kitambaa cha ibada wanachovaa shingoni, akafa kwa vidonda vile mwaka 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Mimi si Mkatoliki, lakini namfikiria sana na rozari yake. Hakuwa na kwaya. Alipoulizwa habari za yule mzungu aliyemtesa, alisema atamwombea. Moyo wa namna hiyo haujengwi kwa kelele za usiku mmoja.

Bwana mwenyewe alifanya hivi. Marko anasema mji wote wa Kapernaumu ulikuwa umekusanyika mlangoni jioni ile, wagonjwa kwa wenye pepo. Alfajiri, mapema sana, akaondoka akaenda mahali pasipokuwa na watu. Simoni akamfuata kumwambia: "Watu wote wanakutafuta." Sisi watumishi wa Goma, simu zetu zinalia tangu saa kumi na mbili, tunalijua sana hilo neno. Yeye hakurudi mbio. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Baba.

Miezi hii nimegundua kwamba siko peke yangu saa ile. Ng'ambo ya ukuta wa mbao, jirani yangu huamka pia. Mume wake hajarudi tangu vita. Namsikia anapopiga magoti, ubao unalia, halafu sauti yake inaanza chini chini. Ukuta ule una nyufa ambazo mkono wa mtoto unapita. Anapoanza, mimi nageuza kigoda, nampa mgongo, nachukua kifuniko cha sufuria nakisugua kwa majivu ili nisisikie. Asubuhi tunakutana kwenye foleni ya maji na bido zetu. Namwambia, "Jambo, mama, watoto wameamkaje?" Anasema wameamka vizuri. Siulizi kingine.