Ukisema Utamwachia, Mwachie Akiwa Hai

Nimesubiri siku kumi hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo.

Nilikuwa mtoni, kwenye mashua ya makasia, pamoja na mgeni mwenzangu tuliyekutana asubuhi ileile na mwongozaji tuliyemlipa kwa siku nzima. Saa tisa alasiri, jua la kuchoma, maji yamepungua mpaka mawe yanachungulia. Mwenzangu akanasa trauti wa kahawia, samaki wa mito ya maji baridi, mkubwa, kama sentimita 55 hivi. Alivutana naye muda mrefu sana, maana mshipi wake ulikuwa mwembamba na aliogopa usikatike, huku mwongozaji akimtia moyo kwa kelele. Samaki akaingia wavuni, akatolewa, akapigwa picha kwa simu ya mwenzangu, kisha kwa simu ya mwongozaji, kwa ajili ya matangazo yake. Mkono ukateleza. Samaki akaanguka sakafuni, akapigapiga mkia kwenye mbao, akaokotwa kwa kitambaa kikavu asije akateleza tena. Picha ya tatu niliombwa nipige mimi, nikapiga.

Halafu wakamrudisha majini, wakapongezana kwa kumwachia. Alizama kidogo, akalala ubavu, akageuka tumbo juu. Mwongozaji alimtazama, akashika makasia, akasema, "Atazinduka tu."

Tulipotia nanga kwenye maji ya kina, chini kidogo kufuata mkondo, samaki naye akafika. Mkondo ulimleta polepole hadi akanasa kwenye tawi lililozama, umbali wa hatua tatu kutoka nilipokaa. Madoa yake mekundu, kila moja na duara lake jeupe, yalikuwa bado yanang'aa. Matamvua, yale anayopumulia, yalikuwa wazi na hayachezi. Tulivua pale nusu saa nzima na hakuna aliyemtaja.

Mimi sipingi kuua samaki. Nimeua wengi na nimewala, na anayevua ili ale ana njia yake safi: pigo moja la kichwani, mambo yameisha. Kinachoniuma ni kulitumia neno "kuachia" kujisafishia mikono. Safari hizi za mtoni zinauzwa kwa neno hilo. Unaambiwa hapa hatuui, hapa tunavua na kuachia, mto utabaki na samaki wake, na mtoto wako atakuja kuvua hapahapa. Unalipa ukiwa na amani moyoni. Kumbe kinachoachiwa ni samaki aliyekwisha kufa ila hajaambiwa.

Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walichapisha jaribio ambalo kila anayejiita mwongozaji angepaswa kulijua kama anavyojua kufunga ndoano. Walichukua trauti wa upinde wa mvua, aina nyingine ya trauti, wakawakimbiza mpaka wakachoka kabisa, kama anavyochoka samaki aliyevutwa na mshipi. Waliorudi kwenye maji bila kutolewa nje, walikufa 12 kati ya kila 100. Waliokaa hewani sekunde 30 baada ya kuchoka, walikufa 38. Waliokaa sekunde 60, walikufa 72. Jaribu kuhesabu sekunde 60 ukiwa umeshika simu: picha moja, geuka kidogo jua lisikupige, inua mikono, tabasamu, subiri na yangu. Zimeshaisha.

Sababu yake haihitaji shahada. Matamvua ni nyuzi laini zenye damu, zinasimama na kutawanyika kwa sababu maji yanazibeba. Ukimtoa samaki nje zinalala na kushikana kama nywele zilizoloa, na hewa yote iliyomzunguka haimfai kitu. Na unamtoa wakati gani? Wakati ametoka kukimbia mbio za maisha yake, misuli imejaa asidi, moyo unadai oksijeni kuliko siku zote. Fikiria umekimbia kupanda kilima kwa nguvu zako zote, umefika juu, mtu akakuziba pua na mdomo ili apige picha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wale samaki wa 1992 walichoshwa kupita kiasi, na kwamba tafiti za baadaye zilizofanyika mitoni kwenyewe, kwa samaki waliovutwa haraka katika maji baridi, zimeona vifo vichache zaidi. Sawa. Ila sisi hatukuwa kwenye maji baridi, na hakuna aliyevuta haraka.

Hapo ndipo joto linapoingia, na hapo ndipo naona kosa kubwa zaidi la siku ile. Mwongozaji hakuwa na kipimajoto. Sikukiona asubuhi, sikukiona mchana. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 yanashika kama 9. Yaani mto ukipata joto, pumzi inapungua majini wakati ule ule mwili wa samaki unahitaji pumzi zaidi. Trauti ni samaki wa baridi. Wavuvi wengi waangalifu humwacha apumzike maji yakikaribia nyuzi 20, na hawangoji kuambiwa na serikali. Kule Montana, Marekani, ambako watu wanaishi kwa kuongoza wavuvi, mamlaka hufunga uvuvi kwenye mito iliyopata joto kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, na kipimo walichokizoea ni maji kufika kama nyuzi 23 kwa siku tatu mfululizo. Waongozaji wa huko wanaanza kazi alfajiri na saa saba mashua ziko juu ya trela. Biashara haijafa. Mgeni anaamka mapema, basi.

Nitamtaja mtu mmoja bila jina, kwa heshima. Miaka mingi nyuma nilivua na mama mmoja aliyeijua mito kuliko watu wote niliowahi kukaa nao kwenye mashua. Jambo la kwanza alilofanya asubuhi ni kufunga kipimajoto kwenye kamba na kukitumbukiza majini, kabla hata hajatukabidhi fimbo. La pili, alichukua koleo na kubana kile kijino cha nyuma kwenye kila ndoano tuliyokuja nayo, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa laini. Nilipopata samaki wangu wa kwanza alinizuia nisimguse. Samaki alibaki ndani ya wavu wa mpira, wavu ukiwa majini, akamgeuza kichwa kitazame mkondo unakotoka, akaichomoa ndoano kwa kuzungusha kidole mara moja. Ndipo akaniuliza kama nataka picha. Nikasema nataka.

"Lowesha mikono," akasema. "Yote, mpaka kwenye kiwiko. Piga magoti. Sasa vuta pumzi uishikilie, na usipumue mpaka yeye arudi majini."

Nikamwinua. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka tumboni kwake yakinidondokea mapajani. Yule mama akapiga picha moja, moja tu, akasema, "Bado anadondosha maji. Matone yakikatika umechelewa." Nikamshusha, nikapumua. Samaki alikaa kati ya viganja vyangu, mdomo ukifunguka na kufumba, kisha nikausikia mkia ukinisukuma mkono, akaondoka mwenyewe. Sijawahi kuona sheria nzuri kuliko ile ya pumzi. Haihitaji saa wala hotuba, na mgeni aliyekuja mtoni kwa mara ya kwanza maishani anaielewa papo hapo, kwenye kifua chake mwenyewe.

Kuhusu mikono mikavu na vitambaa, wenye kujua wanajua: ule utelezi wa samaki ni ngozi yake ya ulinzi dhidi ya ukungu na vidudu, na ukiufuta unamwachia jeraha ambalo hutaliona.

Wanaovua paiki, samaki mrefu mwindaji, wataniambia samaki wao ni mgumu, ana meno, ni mkali, hana haja ya kubembelezwa. Huo ndio uongo unaomuua paiki. Sura yake ya mamba inawadanganya watu. Ni samaki dhaifu sana mikononi, na anaumia vibaya kwenye maji ya kiangazi. Yule mkubwa unayemwota, wa mita moja, karibu kila mara ni jike, na amechukua miaka mingi kufikia urefu ule. Mwongozaji anayekupeleka kuvua paiki bila kipande cha waya mbele ya ndoano anakubali kwamba mshipi utakatwa na samaki aondoke na ndoano kooni. Asiye na koleo refu ataishia kuchokonoa kwa vidole, ataogopa meno, ataacha. Na asiye na mkeka laini wa kumlaza atamlaza kwenye mawe. Hivyo vitatu ndivyo ninavyovitazama kwanza mashuani.

Kwa besi, samaki mwingine wa mito na maziwa, kosa kubwa ni la majira. Madume ndio wanaolinda kiota. Jike anataga na kuondoka, dume anabaki juu ya mayai, anafukuza kila anayekaribia, na ndiyo maana anauma chochote unachopitisha mbele yake, hana njaa hata kidogo. Mvute huyo dume, mpige picha, mwachie kwa upole wa dunia nzima, na dakika hizo chache zinatosha samaki wadogo kushuka kwenye kiota na kula walichokikuta. Samaki umemwachia hai, familia yake umeifuta. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Ontario, Kanada, hazifungui msimu wa besi mpaka Juni imefika katikati. Mwongozaji anayekuahidi "besi wakali wa viotani, wanauma kila mrusho" anakuuzia kitu asichopaswa kukiuza, hata pale sheria inapomruhusu.

Vizito vya madini ya risasi kwenye mshipi viachwe, ndege wanavimeza na vinawaua. Kutembea juu ya changarawe walikotaga trauti kuachwe pia. Siongezi neno.

Kuna wanaosoma haya na kusema basi tuache kabisa kuvua na kuachia. Uswisi wamefika huko: kwa miaka mingi sasa hairuhusiwi kwenda kuvua ukiwa na nia ya kumrudisha samaki. Ujerumani, sheria ya kulinda wanyama inataka uwe na sababu ya msingi ya kumtesa mnyama, na picha haihesabiki kuwa sababu. Zamani niliwaona wakali kupita kiasi. Siku hizi siwacheki. Lakini naujua mto wa Madison na mito mingine ya Montana, ambako tangu katikati ya miaka ya 1970 waliacha kumwaga samaki wa mabwawani na kuwaachia trauti wazaliane wenyewe, na nina hakika mito ile isingestahimili mashua zote zile kama kila mgeni angeondoka na samaki wake. Kuachia kunafanya kazi pale kunapofanywa kweli. Ndicho ninachokipigania, na ndiyo maana nimeumia.

Najua pia shida ya waongozaji. Bakshishi inatoka kwa mgeni aliyefurahi, na mgeni hufurahi akiwa na picha. Ukimwambia mtu aliyelipa siku nzima kwamba maji yamepata joto na mnaondoka saa sita, atanuna. Ukimkatalia picha ya tatu, ataandika vibaya juu yako. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni yetu sisi tunaolipa, na mimi niliyeshika simu ile ya tatu nimo. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimefundishwa na mama yule, mkono kwa mkono, na bado nilipoambiwa "tupigie na wewe" nikapiga, kwa sababu sikutaka kuharibu furaha ya mtu nisiyemjua. Picha hiyo bado ninayo. Mwenzangu anacheka. Samaki mdomo wazi, ngozi imeanza kuwa kavu, na kwenye tumbo lake hakuna tone hata moja la maji.

Sasa kabla ya kulipa nauliza. Nauliza una kipimajoto, na maji yakifika nyuzi ngapi unaacha? Wavu wako ni wa mpira au wa nyuzi zenye mafundo? Ndoano zina kijino? Nani anampiga picha samaki, na amekaa wapi samaki huyo wakati simu inatafutwa mfukoni? Wawili walinijibu kana kwamba nimewatukana. Wa tatu alicheka kidogo, akaniambia kwamba mwezi huu yeye hawavui trauti kabisa baada ya saa tano asubuhi, na siku maji yakiamka na joto ananirudishia pesa zangu au ananipeleka sehemu ya chini ya mto kwenye besi, ambao wameshamaliza kulea.

Huyo nimemlipa. Tunakutana saa kumi na moja alfajiri.