Ukoo Wako Si Orodha ya Mashujaa

Mwacha asili ni mtumwa, tunaambiwa tangu utotoni, na mara nyingi anayetuambia ni mtu aliyekasirika. Methali hutolewa pale kijana anapofanya jambo wasilolipenda wakubwa: kavaa vibaya, kaoa asikotakiwa, hajui lugha ya bibi yake. Ndiyo maana wengi tumekua tukiyaona mambo ya ukoo kuwa ama ni karipio, ama ni majivuno ya watu wanaotaka tujue kwamba babu yao alikuwa mtu mzito. Mimi naamini kujua ulikotoka humtuliza mtu, tena sana, ila si kwa sababu hizo.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliwahi kutunga maswali 20 ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao. Unajua babu na bibi yako walikulia wapi? Wazazi wako walikutana wapi? Unajua habari za siku uliyozaliwa? Kuna ugonjwa au jambo baya sana lililowahi kuipata familia yenu? Wazo lilianzia kwa Sara, mke wa Duke, naye pia mwanasaikolojia, aliyekuwa akifanya kazi na watoto wenye matatizo ya kujifunza. Aliona kwamba wale wanaozijua habari za kwao ndio wanaoyamudu zaidi matatizo yao. Utafiti ukaonyesha hivyo hivyo: watoto waliojua mengi walijithamini zaidi, na walijiona wana usemi juu ya maisha yao.

Sasa usikimbilie kumkaririsha mtoto majina ya mababu saba. Duke mwenyewe amesisitiza kwamba dawa haimo katika majibu. Maswali yale ni mambo ambayo mtoto hakuyashuhudia, kwa hiyo akiyajua maana yake kuna mtu aliyeketi naye akamsimulia, si mara moja. Na wamegundua pia kwamba namna ya kusimulia ina uzito wake. Ziko familia zinazosimulia kupanda tu: tulianza bila kitu, tazama tulipo. Ziko zinazosimulia kuporomoka tu. Na ziko zinazosema tulipanda, tukaanguka, tukainuka, fulani akafungwa, fulani akasoma, na bado tuko pamoja. Hizi za mwisho ndizo zinazomjenga mtoto kuliko zote.

Hapo ndipo ninapogombana na wapenda nasaba wengi. Wanatuachia toleo lililofuliwa na kupigwa pasi.

Kwenye albamu ya familia yetu kuna picha ya watu waliojipanga mbele ya ukuta, na mmoja wao amekatwa kwa mkasi. Kilichobaki chake ni vidole vinne begani kwa babu. Utotoni tulikatazwa kuuliza. Nimekuja kuelezwa na shangazi nikiwa mtu mzima, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja hali ya hewa: "Huyo ni kaka yetu mkubwa, mwanangu. Alicheza kamari mpaka nyumba ikaenda. Tulilala kwa watu mwaka mzima." Papo hapo nikaelewa kwa nini baba akiona karata mezani huinuka akaondoka, jambo ambalo miaka yote nililihesabu kuwa ukali tu. Na habari ya kwamba walilala kwa watu, kisha wakajenga tena, imenifaa siku zangu mbaya kuliko sifa zote nilizosomewa kuhusu uhodari wa babu. Shujaa asiyewahi kuanguka hana la kukuambia siku umeanguka.

Kuna na faida ya kawaida kabisa: daktari akiuliza kama kwenu kuna kisukari au shinikizo la damu, uwe na jibu.

Lakini si kila mtu ana shangazi wa kumuuliza. Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika wakifuatilia mababu zao hugonga ukuta mwaka 1870, kwa kuwa sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina wale waliokuwa watumwa. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 wengi wameandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la aliyewamiliki. Wapo pia waliolelewa na wasio wazazi wao wa kuwazaa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatambua haki ya mtoto ya kuwajua wazazi wake, kadiri inavyowezekana, na kulinda utambulisho wake. Hilo ni jambo la haki, si la udadisi. Hata hivyo, mlezi akikusimulia alivyokulea, na alivyolelewa yeye, hiyo nayo ni asili yako. Damu haina ukiritimba hapa. Vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na wengi miongoni mwao huenda hawakukuachia hata chembe ya vinasaba vyao.

Ukitaka kuanza, usimwendee mzee na kinasa sauti ukamwambia akupe historia ya ukoo. Atajinyoosha akupe hotuba. Muulize kitu kidogo: nani alimfundisha kuandika, alilala chumba kimoja na nani, alikuwa akimwogopa nani. Mpe picha azishike, na kila jina analotaja liandike nyuma kwa penseli, maana wino hupenya ukatokeza mbele. Atarudia kisa kile kile. Msikilize, kila mara hudondosha kipande kipya. Na akikuambia "hayo yaache," yaache kwa siku hiyo, kisha kamuulize mdogo wake.