Kule Juventus ilishushwa daraja, kwetu hashuki mtu

Baa ninayonywea kahawa kabla ya zamu, hapa Torino, ukutani pameandikwa 38. Rekodi rasmi inaipa Juventus mataji 36 ya ligi. Mawili, la 2005 na la 2006, ilinyang'anywa kwa kashfa ya marefa, na mzee mwenye baa hataki kulisikia hilo. Ukimtaja Luciano Moggi, bosi wa klabu wakati ule, anaacha kufuta vikombe, anaanza kukuhesabia kwa vidole wachezaji aliowaleta: Zidane, Nedvěd, Buffon.

Moggi alikuwa mfanyakazi wa reli. Akaingia kwenye soka, akapita Napoli ya enzi za Maradona, na mwaka 1994 akatua Juventus kama mkurugenzi mkuu. Mei 2006 magazeti yakamwaga mazungumzo yake ya simu na wakubwa waliokuwa wakipanga marefa. Julai Italia ikabeba Kombe la Dunia kule Berlin, Buffon akiwa golini. Septemba golikipa huyo huyo alikuwa Rimini, kwenye Serie B, daraja la pili, Juventus ikitoka sare ya 1-1. Hiyo ndiyo picha isiyonitoka kichwani. Klabu kubwa kuliko zote Italia, na ikashuka!

Sisemi Wataliano ni malaika. Kesi ya jinai ya Moggi ilivutwa hadi 2015, muda wa kisheria ukawa umepita, ikafa. Hilo linaniuma kama yanavyoniuma ya kwetu. Lakini kwenye soka alifungiwa maisha mwaka 2011.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Kwetu Kenya, Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la soka, na Februari 2022 FIFA ikatufungia. Nani aliumia? Vijana wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, waliotolewa kwenye mchujo wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, bila kugusa mpira. Walikuwa na kosa gani wale?

Juzi mdogo wangu alinipigia kutoka barazani, nasikia vikombe vya kahawa chungu vikigongana, analia kwamba refa amenunuliwa. Nikamuuliza, amenunuliwa na nani, ushahidi uko wapi? Akanijibu, "Kaka, si kila mtu anajua!"

Kila mtu anajua, na hakuna aliyeandika popote. Huku Italia simu zilinaswa kwa maelfu, zikaandikwa neno kwa neno, zikawekwa mezani mbele ya majaji.