Magodoro kila kona, mizani hakuna

Januari ikielekea mwisho, Arua, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, hubadilika sura. Kuanzia soko kuu hadi Adumi Road, na kurudi kwa Rhino Camp Road, magodoro hutolewa nje ya maduka yakaegemezwa ukutani, yenye maua mekundu kwa yenye milia ya buluu, yote ndani ya nailoni inayong'aa juani. Bodaboda hupita na godoro lililokunjwa kama chapati na kukazwa kwa mipira ya tyubu, mtoto wa Senior One, yaani kidato cha kwanza, akiwa amebanwa kati yake na dereva. Shule za bweni hufunguliwa Februari, na katika orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi lazima aende navyo, pamoja na ndoo, jembe, sanduku la bati na karatasi za chooni, godoro halikosekani.

Msimu huo ndipo maneno yanapoanza. Maduka ya magodoro yamezidi, watu wanasema. Mji una vijana wasio na kazi na wazee wanaohangaikia karo, inakuwaje kila baada ya milango mitatu kuna godoro? Wapo wanaonong'ona kwamba biashara hiyo ni pazia tu, nyuma yake kuna fedha chafu. Nimelisikia hilo kwa watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nianze nalo.

Uvumi huo haukuzaliwa kwetu. Marekani kampuni ya Mattress Firm peke yake ilifikisha zaidi ya maduka 3,000, mengine yakitazamana barabara moja, na watu huko walishuku vivyo hivyo. Oktoba 2018 kampuni iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake, ikatangaza kwamba huenda ikafunga hadi maduka 700. Kisa kilikuwa cha kawaida kabisa: ilikuwa imewanunua washindani wake upesi mno, ikarithi maduka yao yaliyokuwa jirani na yake, na kodi za majengo zikaielemea.

Kwetu pia maelezo yako wazi kwa anayeitazama biashara yenyewe. Godoro halioi. Halina tarehe ya kuharibika, mwizi hawezi kulikwapua na kulificha kotini, na mhudumu mmoja anatosha kuliuza. Tena sponji sehemu yake kubwa ni hewa. Lori linalotoka Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500, linajaa juu hadi kamba zinakatika ilhali uzito ni mdogo, na nauli ya hewa hiyo yote inabebwa na bei. Mwaka 2024 daraja la Karuma, linalovusha malori hayo mto Nile, lilipofungiwa magari kwa ukarabati, malori yakazunguka mbali, na mfanyabiashara mwenye mzigo tayari dukani ndiye aliyepumua. Kwa hiyo kila muuzaji hutaka akiba yake iwe karibu na mnunuzi, na mnunuzi yuko mtaa ule ule. Mwanauchumi Harold Hotelling alilieleza jambo hili tangu 1929: wauzaji wa kitu kile kile huvutwa kukaa pamoja, kwa sababu anayejitenga huwaachia wenzake wateja wa katikati.

Ongeza wateja wasiohesabiwa na wanaoona mji kwa macho ya Arua tu. Anayetoka Koboko, Yumbe au Maracha ananunua hapa. Mkongo anayevuka kutoka Ariwara ananunua hapa. Tangu 2016, kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ilipofunguliwa na Wasudani Kusini wakaingia kwa maelfu, wako pia watu waliofika mikono mitupu na kuanza nyumba upya, na nyumba huanza na pa kulala. Maduka haya yana kazi halali ya kutosha.

Na wingi wao una faida ambayo sitaki kuidharau. Mama yangu alilala utotoni juu ya majani makavu yaliyoshindiliwa kwenye gunia, akaja kupata godoro la pamba lililojaa vinundu. Godoro la sponji lilikuwa kitu cha mwalimu mkuu na mganga wa hospitali. Leo mchuuzi wa mihogo anaweza kuingia dukani, asiridhike na bei, akaingia la pili, akarudi la kwanza na kupunguziwa. Uwezo huo wa kugeuza mgongo na kuondoka ni nguvu, na mnunuzi maskini hana nguvu nyingine nyingi. Anayetaka maduka yapunguzwe aniambie kwanza atampa nini mama huyo badala yake.

Hata hivyo mimi ni mmoja wa wanaolalamika, na sababu ninayo.

Binti yangu alipoingia Senior One nilizunguka maduka saba kwa siku moja. Kila godoro lilikuwa limeandikwa kuwa ni la densiti ya juu, hata mawili ya unene uleule yaliyopishana bei karibu mara mbili. Nilipoomba nailoni ifunuliwe nibonyeze, nilikataliwa kote isipokuwa duka moja. "Mzee, nikifungua na usinunue, nani atalichukua?" Nikanunua la futi 4 kwa 6, inchi 6, la nyumbani, na jingine jembamba la futi 2 na nusu la kwenda shuleni. Muuzaji alinihakikishia miaka mitano. Kabla mwaka haujaisha, la shuleni lilikuwa limebonyea katikati hadi mtoto anahesabu chaga za kitanda kwa mbavu zake, na la nyumbani lilikuwa na mashimo mawili, langu na la mke wangu. Nilirudi dukani. Nikaambiwa dhamana ni ya mishono, kubonyea hakumo, na kadi yenyewe ya dhamana ilikuwa kwenye nailoni niliyoitupa.

Nilikaa na hasira nyumbani wiki nzima, kisha nikaanza kusoma sponji ni kitu gani.

Sponji ya godoro hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili za majimaji pamoja na maji kidogo. Zikikutana huchemka, hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na mchanganyiko huumuka kama unga wa mandazi mpaka uwe gogo kubwa linalokatwa vipande. Kiwanda kikitaka kuokoa malighafi kinaweza kuumua zaidi: ukubwa ule ule, kitu kidogo ndani yake. Densiti ndiyo hesabu ya hicho kitu, kilo ngapi katika mita moja ya ujazo, na ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa godoro litadumu miaka mingapi kabla halijazama. Ugumu ni habari nyingine. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu mkononi, nawe ukaisifu dukani, kisha ikachoka baada ya miezi michache. Wengi tunabonyeza kwa kiganja tukidhani tunapima uimara, kumbe tunapima ugumu tu.

Hata ugumu wenyewe tunauziwa kwa maneno makubwa. Godoro gumu kama ubao huitwa la mgongo, la daktari, na bei hupanda. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia magumu. Muuzaji wa Arua hana kosa la kutolisoma jarida hilo. Lakini anayelipia zaidi kwa neno "mgongo" ana haki ya kujua kwamba huenda analipia kitu kisichomfaa.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema tatizo ni wingi wa maduka, na pia na wanaojibu kwamba ushindani utasafisha kila kitu. Ushindani husafisha kile kinachoonekana. Mnunuzi anaona unene, maua na bei, basi maduka ishirini yatashindana kwa unene, maua na bei. Asichokiona ndicho kinachopunguzwa ili bei ishuke. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alilionyesha hili kwa soko la magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, hakubali kulipa bei ya zuri, na mwenye zuri anaondoka sokoni. Baadaye alipewa tuzo ya Nobeli. Mtengenezaji mwaminifu anayeweka malighafi ya kutosha anakaa mtaa mmoja na anayeumua hewa, wote wameandika densiti ya juu, na mteja anachagua cha bei nafuu. Ukiongeza maduka mengine kumi, mtu huyo mwaminifu anabanwa zaidi.

Wauzaji nao wana hoja, na nyingine ni nzito kuliko zinavyochukuliwa. Godoro likishafunguliwa linaingia vumbi jekundu la Arua na mteja anayefuata analiona kuukuu. Kulirudisha lililolaliwa ni hatari: kunguni wawili wanaweza kuharibu stoo nzima, na hakuna duka hapa lenye njia ya kulisafisha. Halafu wateja wenyewe. Kijana mmoja muuzaji aliniambia kwamba aliwahi kuleta magodoro mazito, ya bei ya juu, yakakaa tangu muhula wa kwanza hadi wa tatu, huku mepesi yakiisha kila wiki. Mzazi mwenye watoto watatu wa bweni hanunui miaka kumi, ananunua Februari ivuke. Simlaumu mzazi huyo, na siwezi kumlaumu kijana aliyeacha kuleta kisichouzika.

Kuna sheria pia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo, na mahakama za madai madogo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni 10 bila kulazimika kuwa na wakili. Kwenye karatasi, mimi na godoro langu tulikuwa na pa kwenda. Kwa vitendo, ningeshtaki nini? "Densiti ya juu" haina namba. Juu kuliko ipi? Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango vya ubora la Uganda, nayo ni nzuri na sinunui tena bila kuitafuta, kwa kuwa inaeleza kwamba kiwango kimefikiwa, lakini haimwambii mzazi aliye dukani kama hili la laki mbili lina sponji nyingi kuliko lile la laki na nusu.

Nyama tunapimiwa. Sukari tunapimiwa, na mizani ya mwenye bucha hukaguliwa na UNBS na kupigwa mhuri. Godoro, kitu ambacho thamani yake iko katika kilo za sponji, tunauziwa kwa inchi. Hesabu yenyewe si ngumu. Godoro la futi 4 kwa 6 la inchi 6 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.34. Likiwa na densiti ya 25, sponji yake ina kilo 8 na nusu. Likiwa na 15, ni kilo 5 na kitu. Tofauti ya kilo 3 kwenye godoro moja mtu huihisi hata kwa mkono, sembuse mizani. Ningependa kila godoro liandikwe namba ya densiti na uzito wake kwa tarakimu, na kila duka liwe na mizani mlangoni. Gharama yake ni ndogo kuliko kibao cha jina la duka.

Nimeambiwa kwamba mizani hudanganywa. Ni kweli. Viwanda vinaweza kuchanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili izidi uzito, na kuna magodoro ambayo ndani ya kitambaa ni vipande vilivyogundishwa. Ila sponji yenye chokaa nyingi hujitambulisha: ikibonyezwa kwa kidole hurudi polepole, huchanika upesi, na ukiipigapiga pembeni penye mshono hutoa vumbi jeupe. Futi ya fundi nayo ichukuliwe, kwani inchi 6 ya kwenye nailoni mara nyingine ni 5 na nusu. Udanganyifu unaohitaji mambo matatu kufichwa kwa pamoja ni mgumu kuliko unaohitaji neno moja tu kuandikwa. Ninalokubali ni kwamba mizani haitampa pesa mzazi asiye nazo. Atanunua jepesi bado. Lakini atajua ni jepesi, na muuzaji hatamwambia miaka mitano.

Mwanangu wa pili alipokwenda bweni nilibeba mizani ya ndoano, ile ya wanunuzi wa kahawa. Duka la kwanza walinifukuza, la pili vilevile. Duka la tatu mwenye duka, mama wa makamo, alitazama nilivyolifunga godoro la 4 kwa 6 kamba na kuliinua: kilo 6. Akaleta jingine la kampuni nyingine, bei ikizidi kwa shilingi elfu thelathini: kilo 8 na robo. Alinyamaza kidogo, akaangalia mrundo wote ulioegemea ukutani, kisha akaniomba nimwachie mizani hadi jioni.