Kompyuta na ifundishwe kinyume kwanza

Udogoni, tulipotaka kusemezana mbele ya wakubwa bila kueleweka, tulizungumza kinyume: silabi ya mwisho unaitanguliza mbele. Kiti kikawa tiki, mbuzi akawa zimbu. Amu yenyewe, mji wetu wa Lamu, ikawa mua.

Naamini somo la kuandika programu lingeanzia hapo. Kwa kawaida mtoto huanza kwa kunakili salamu ya Kiingereza kutoka ubaoni, asijue anaongea na nani.

Juzi nilikaa barazani, mtaa wa Langoni, na vijana watatu na laptopu moja. Tukaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mstari wa kugeuza neno, tukaipa Amu. Ikatoa umA. "Mwalimu, hii haijui kinyume!" Kweli haijui. Haioni silabi, inaona herufi moja moja. Silabi wanaijua wao: kwa Kiswahili, karibu kila mara huishia na irabu. Basi tukaiagiza ipite herufi kwa herufi, ikate kila ikikuta a, e, i, o, u, kisha kipande cha mwisho ikitangulize. Mbuzi ikatoka zimbu. Amu ikabaki Amu.

Hapo tulikaa sana. Kwa kompyuta, A kubwa ni namba 65, a ndogo ni 97, na sisi tuliitajia irabu ndogo tu. Ndipo nikawaambia kuwa hata meseji za kawaida za simu, SMS, husafiri hivyo hivyo, namba tupu. Meseji moja ina nafasi ya biti 1,120, yaani tarakimu za 0 na 1. Herufi za kawaida hula biti 7 kila moja, gawanya upate 160. Tia herufi moja tu ya Kiarabu, meseji nzima huhamia biti 16 kwa kila herufi, zikabaki nafasi 70. Waligawanya wenyewe, bila kusukumwa. Mji huu umeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne. Hesabu hiyo inawahusu. Anayesema wangoje kwanza Kiingereza chao kikomae, mimi simkubali.

Mwisho tukaipa neno "mtu". Ikarudisha mtu, vilevile.

"M hapo ni silabi peke yake," akasema binti mmoja. "Lakini kwenye mbuzi siyo."

Mashine itatofautishaje? Hatukupata jibu, na magharibi ilikuwa imeingia. Binti aliondoka na karatasi ya maneno yanayoanza na m, ameyapanga safu mbili, na bado anaongeza.