Usisubiri Ujiamini Ndo Uanze

Jamani hizi semina za kuhamasishana zimekuwa nyingi mno hapa Mwanza, kila wikiendi ukumbini kuna mtu kavaa suti anakwambia jiamini, jikubali, jione umeshafika, watu wanapiga makofi wanatoka wamejaa upepo, Jumatatu ikifika mambo ni yaleyale. Sisemi kujiamini ni uongo. Mimi nachobisha ni mpangilio, yaani wao wanasema kwanza ujiamini alafu ndo ufanye, wakati watu karibu wote ninaowajua ambao maisha yao yameshika njia walianza wakiwa na mashaka kibao, kujiamini kukawakuta huko mbele wakiwa kazini.

Mfano shangazi yangu. Anafanya dagaa, ananunua wabichi huko Ukerewe, anaanika hukohuko alafu mzigo anashusha Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki hapa Mwanza. Siku moja nikamuuliza, shangazi, hivi ulivyochukua ule mkopo wa kikoba ulikuwa unajiamini kweli? Akacheka sana. "Mwanangu nilikuwa naogopa mpaka tumbo linauma, ila dagaa nilikuwa nshanunua, sasa ningefanyaje?"

Na dagaa hawakupi muda wa kutafakari bana. Mitumbwi ikirudi alfajiri inabidi uwaanike siku hiyohiyo, uwageuze, jicho moja liko kwenye kazi jingine liko juu mawinguni, mvua ikikuwahi kabla hujakusanya basi ule mzigo wa kula watu unageuka chakula cha kuku na bei inaporomoka hivihivi unaiona. Wenzake wengi walikuwa wanamwaga chini mchangani, rahisi, haina gharama. Yeye akang'ang'ana na chanja za kuanikia juu juu, miti na nyavu za kununua, watu wakamsema anajifanya mzungu. Akaendelea tu, msimu kwa msimu.

Sasa nenda Mwaloni umuone mnunuzi wa jumla anavyokagua, kuna wanaotoka mpaka Kongo na Burundi pale. Hana habari na wewe unajionaje. Anafungua gunia, anapitisha mkono mpaka chini kabisa, anachomoa wale wa kule kwenye kitako, anavunja mmoja, ananusa, anatafuna kidogo kusikiliza kama kuna mchanga. Wakati huo wengine wanaongea sana, wanaapa kwa jina la Mungu. Shangazi anakaa kimya anakunja khanga yake, akiulizwa bei anataja mara moja na haishushi hovyo, maana anajua kilichopo kule chini ya gunia, kaanika mwenyewe. Huko ndo kujiamini ninakokuelewa mimi, hizi pozi za kwenye status hapana.

Alafu kuna hii ishu ya "pambana usiku na mchana usilale". Nani kasema? Wavuvi wa dagaa wenyewe wanafuata mwezi. Dagaa anavutwa na taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, na taa inafanya kazi vizuri usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa ziwa zima linang'aa dagaa wanatawanyika, unachoma mafuta bure. Kwa hiyo watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanarudi kuona familia. Giza likirudi na wao hao majini. Hakuna anayewaita wavivu, na hakuna anayekaa kujiuliza kama leo ana mudi ya kwenda. Mtu anayejituma kwa fujo wiki tatu alafu anapotea miezi minne simuiti mpambanaji kwa kweli, huyo ana homa za vipindi.

Ila nisiwadanganye, kukomaa peke yake hakutoshi. Kuna mtu anaamka saa kumi usiku, mwaminifu, na bado mkopo wa kausha damu, ile ya riba kali, unamfilisi. Na kuna wale waliokuwa wanauza samaki na mahindi ya kuchoma pale Kigongo, foleni ya kivuko ndo ilikuwa ofisi yao, gari zinasubiri kuvuka ziwa kwenda Busisi abiria wana njaa biashara inatembea. Nguzo za daraja walikuwa wanaziona zinapanda majini mwaka hadi mwaka, kilomita 3 za daraja hazifichiki, likafunguliwa Juni 2025 na foleni ikaisha. Walioanza kutafuta kijiwe kingine mapema ni wachache. Kwa hiyo fanya kila siku ndio, ila inua kichwa uangalie kinachokuja.

Na hili neno kusudi la maisha linawatesa sana vijana, wanalitafuta kama simu iliyodondoka. Shangazi alitaka ada ya watoto basi, hakuwa na maono yoyote. Leo mabinti wadogo kule kisiwani wanakuja kumuuliza chanja inafungwaje, anawafundisha bure, anawagombeza mpaka basi, na ukimwambia apumzike sasa umri umeenda anakuangalia kama umemtukana. Kusudi lilikuja lenyewe wakati yeye anahesabu magunia.

Nina mdogo wangu kamaliza chuo hapa Mwanza, ana wazo la dagaa wa kukaanga wa pakiti, wazo zuri tu. Mpaka sasa ana logo, ana jina, ana ukurasa Instagram, dagaa hana. Nikimuuliza anasema kaka bado najijenga kwanza kiakili. Nimeongea na shangazi, giza lijalo anampokea akaanike naye, analala kwake, anakula kwake. Dogo swali lake la kwanza likawa kama kule netiweki inashika.

Inashika. Ila shangazi kashasema simu itakaa ndani ya begi mpaka mzigo ukauke.